Mwenye Pikipiki ya Jina Dogo Mbele ya Kaunta

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati ndogo ya waendeshaji, mafundi na makarani katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, waendeshaji na mafundi, na ninyi makarani wa maduka mliokuja leo ijapokuwa mlijua ya kwamba mtasemwa:

Kamati ilitutuma kuchunguza malalamiko ya waendeshaji wa pikipiki juu ya jinsi wanavyopokelewa katika maduka yanayouza pikipiki na spea. Tulikuwa watu watano: wawili wa boda boda, tarishi mmoja anayeendesha pikipiki ya tajiri wake, fundi mmoja, na karani mmoja wa kaunta. Hatukutaka iwe kamati ya upande mmoja. Tutawaelezeni tuliyoyaona, na twawaomba msikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga makofi au kupiga kelele, maana katika habari hii kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Hatutataja jina la duka lo lote, wala jina la pikipiki iliyodharauliwa. Mashauri na wenye maduka hayajakwisha, na tajiri akitajwa katika karatasi ya chama kabla ya kuitwa mezani hukasirika na kufunga mlango. Kwa hivi tutasema pikipiki ya jina kubwa na pikipiki ya jina dogo. Jina kubwa ni lile ambalo ukisimama kwenye steji yo yote unaliona kwenye tangi hili na lile na lile. Jina dogo ni ile moja iliyoegeshwa pembeni, ambayo mwenyewe huulizwa na wenzake, "Hii nayo uliipata wapi?"

Malalamiko yenyewe ni haya. Duka huuza pikipiki za majina mawili au matatu chini ya paa moja. Siku ya kununua hakuna ubaguzi. Mteja hupewa kiti, hupewa soda, huvalishwa jaketi la kung'aa, apigwe picha akishika ufunguo, na karani wa mauzo humwita bosi. Baada ya miezi miwili mteja huyo huyo akirudi kutafuta kebo ya klachi, mambo yamegeuka. Karani huchungulia nje kwanza aone ni pikipiki gani imeegeshwa, ndipo aamue kama atamsalimu. Mwenye jina kubwa aliyefika nyuma yake huhudumiwa mbele yake. Yeye huambiwa, "Ya hiyo hatuna," na hakuna aliyeinuka kitini kwenda kutazama rafu.

Hatukuyaandika haya kwa kusikia tu. Tulikwenda wawili katika duka moja, mmoja na pikipiki ya jina kubwa na mwingine ya jina dogo, tukauliza kitu kile kile, brek shuu za nyuma. Wa kwanza alipewa zake na bei, akaulizwa na habari za kazi. Wa pili aliambiwa arudi Jumatatu. Baadaye tulimwomba mwanachama wetu anayefanya kazi mle ndani atazame. Brek shuu zilikuwapo. Zilikuwa katika katoni iliyokuwa haijafunguliwa tangu ishushwe kwenye gari. Ikumbukeni katoni hiyo, maana tutairudia.

Huenda wengine wakasema hii ni habari ya adabu tu, na chama cha wafanya kazi hakikuundwa kufundisha watu adabu. Basi sikilizeni habari ya kijana mmoja mwanachama wetu, baba wa watoto wawili. Alinunua pikipiki ya jina dogo kwa mkopo, kwa sababu malipo ya kwanza ya jina dogo ndiyo aliyoweza kuyafikia. Pikipiki ikiwa bado katika waranti ilizimika njiani. Fundi wa duka akasema ni CDI, yaani kile kisanduku kidogo kinachotuma moto kwenye plagi. Akaambiwa aiache uwanjani, spea imeagizwa. Kesho yake akaambiwa kesho. Kesho hiyo ikawa siku kumi na tisa.

Ninyi nyote mwajua jinsi mikopo yetu ilivyo. Mtu hulipa kila siku kwa simu, awe amebeba abiria au hakubeba. Mkopo hausimami pikipiki ikisimama. Siku za kwanza alilipa kwa akiba ya karo. Kisha akakopa kwa wenzake wa steji. Kisha akashindwa. Logibuku iko kwa aliyemkopesha, kwa hivi mkopeshaji alituma watu wake, wakaichukua pikipiki kutoka katika uwanja wa duka lile lile lililomwuzia, ikiwa haijatengenezwa. Na muda wote huo pikipiki tatu mpya za jina lile lile zilikuwa zimesimama dirishani, kila moja na CDI yake ndani. Hakuna aliyefikiri kuivua moja akamfungia yule kijana, ingawa mafundi wanatuambia ni kazi ya dakika chache, na ingawa kwa jina kubwa, katika duka hilo hilo, jambo hilo limefanywa mara nyingi.

Iko na hatari nyingine. Mtu aliyefukuzwa kwenye kaunta haendi nyumbani kulala. Huenda kutafuta spea penginepo. Akiwa Nairobi atashuka Barabara ya Kirinyaga. Akiwa hapa kwetu atakwenda vibandani. Huko wako watu waaminifu wanaouza vitu vizuri, na wako wengine. Tunayo sheria juu ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haisimami kando ya kibanda kuangalia katoni. Fundi wetu alituletea brek shuu mbili mezani, halisi na bandia, na katika kamati hakuna aliyeweza kuzitofautisha kwa macho. Tofauti iko katika gundi inayoshika kile kipande cha msuguano juu ya chuma. Ile mbaya ikipata joto kwenye mteremko mrefu, kipande hubanduka, na mguu wa mwendeshaji hukanyaga breki isiyoshika kitu. Nyuma yake amekaa mama na mtoto. Kwa hivi neno "hatuna" likisemwa na mtu ambaye hakutazama rafu, linaweza kuwa neno zito sana.

Yafaa tukumbushane pikipiki za majina mengi namna hii zimetoka wapi. Wazee mwakumbuka boda boda ilipokuwa baisikeli, kule Busia, ikivusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda tangu miaka ya 1960. Pikipiki zilijaa barabarani baada ya Serikali kuondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo zisizozidi 250cc, miaka ya 2007 na 2008. Bajaj ya India ikaleta Boxer, TVS nayo ya India ikaleta zake. Honda na Yamaha za Japani zilikuwapo tangu zamani. Na kutoka China yakaja majina mengi kuliko tunavyoweza kuyahesabu. Tangu Desemba 2015 ukawekwa ushuru wa shilingi 10,000 kwa pikipiki iliyoingizwa kutoka nje, na baadaye ukapandishwa. Mpunguzo wa bei ukawa kitu kikubwa kwa mnunuzi maskini. Majina mengine yamedumu. Mengine yaliingia na makontena machache, aliyeyaleta akaacha biashara hiyo, na pikipiki zake zikabaki yatima.

Haya, sasa tumfikie karani, na hapa twaomba waendeshaji watulie.

Katika maduka tuliyoyaona, karani wa mauzo hupata kamisheni kwa kila pikipiki mpya inayotoka mlangoni. Karani wa spea hapati hiyo. Mahali pengine hupata zawadi kidogo mwisho wa mwezi, lakini zawadi hiyo hutoka kwa kampuni ya jina kubwa, kwa hesabu ya spea za jina kubwa zilizouzwa. Akitumia robo saa kumtafutia mtu spea ya jina dogo, hiyo ni robo saa isiyo na senti kwake. Na ile katoni? Karani yule alituambia, tena kwa haya, ya kwamba spea ikipungua katika hesabu hukatwa mshaharani mwake. Spea za jina dogo zinatoka pole pole, nambari zake hazikuandikwa vizuri, na mwezi mmoja alikatwa kwa ajili ya kitu ambacho hakukiona kwa macho. Tangu siku hiyo hafungui katoni ambayo hakulazimishwa kuifungua. Twasema hapa kwa faida ya makarani wote: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa tajiri ruhusa ya kukata kiasi kinachofaa kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Haikumpa ruhusa ya kukata kwa kila katoni iliyopungua. Karani aliyekatwa hivyo na alete karatasi yake ya mshahara ofisini kwetu.

Fundi naye hulipwa kwa kazi. Kazi ya waranti hulipwa kwa kima kilichowekwa na aliyeileta pikipiki nchini, na malipo ya jina dogo huchelewa. Basi asubuhi fundi akiona pikipiki sita uwanjani, nne za kulipwa leo na mbili za kulipwa Mungu akipenda, mwajua ataanzia wapi. Tena katika duka moja fundi mmoja tu ndiye aliyefundishwa ile ya jina dogo. Siku akiwa mgonjwa, pikipiki hizo pia zalala. Kitabu cha maelezo ni kimoja, na kimefungiwa kabatini kwa meneja.

Na mwenye duka? Tulimsikiliza pia. Alisema spea iliyolala rafuni ni fedha iliyolala. Ya jina kubwa huisha kwa juma moja. Ya jina dogo yaweza kukaa mwaka. Ikiagizwa kutoka India au China huja kwa meli mpaka Mombasa, na majuma hupita. Hatusemi hesabu yake ni ya uongo. Twasema ya kwamba aliijua hesabu hiyo siku alipoziweka pikipiki hizo dirishani, na hakumwambia mnunuzi. Aliyechukua faida ya kuiuza amechukua pia mzigo wa kuitunza.

Kwa hivi mtaona ya kwamba ile dharau ya kaunta haikuzaliwa kauntani. Imepangwa katika ofisi, katika namna ya kulipa na namna ya kuweka akiba ya spea. Karani huivaa tu kama anavyovaa shati la kampuni, na akiivaa muda mrefu huanza kuamini ni ngozi yake. Huanza kusema, "Ninyi watu wa pikipiki za bei rahisi." Hapo ndipo ubaya ulipo, ndugu zangu, maana karani huyo mwenyewe huja kazini kwa miguu.

Tarishi aliyekuwa katika kamati yetu alituonyesha jambo ambalo wengi hatukuwa tumelifikiri. Yeye hakuchagua pikipiki. Tajiri wake alinunua kumi kwa pamoja kwa sababu alipunguziwa bei. Pikipiki ikiharibika, yeye ndiye anayetumwa dukani, yeye ndiye anayekalishwa kwenye benchi mpaka saa nane, na akirudi ofisini yeye ndiye anayeulizwa alikuwa wapi. Adhabu mara mbili kwa chombo kisicho chake. Juu ya matarishi tumekwisha kuandika barua mbali, tukitaka saa za kungoja dukani zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa sababu ni kazi.

Mtu mmoja alituambia haya ni mambo ya nchi maskini, na ya kwamba kwa wenzetu wa Marekani mteja ni mfalme. Tukatafuta habari, tukaipata moja inayofanana na yetu hata ikatushangaza.

Huko Marekani, katika jimbo la Wisconsin, alikuwako mhandisi wa Harley-Davidson aitwaye Erik Buell. Aliacha kazi, na mwaka 1983 akaanza kampuni yake ya pikipiki, na baadaye akatumia injini za Harley. Mwaka 1993 Harley ikanunua karibu nusu ya kampuni hiyo, mwaka 1998 ikanunua sehemu kubwa iliyobaki, na mwaka 2003 ikaichukua yote. Buell ziliuzwa katika maduka ya Harley. Sasa fikirini: Harley ni pikipiki kubwa, nzito, na watu wake huipenda kama dini. Buell ilikuwa nyepesi, ya kukata kona. Zile za XB, zilizotoka mwaka 2002, zilibeba petroli ndani ya fremu yenyewe, na oili ndani ya chuma cha nyuma kinachoshika gurudumu. Fundi aliyezoea Harley akiiona mara ya kwanza hujikuna kichwa. Iko na ndogo yao iliyoitwa Blast, ya 492cc, iliyotoka mwaka 2000. Maduka ya Harley yaliitumia kuwafundishia wanafunzi kuendesha, na mwanafunzi akihitimu huonyeshwa Harley.

Waendeshaji wengi wa Buell walilalamika kwa miaka. Walisema pikipiki zao ziliwekwa pembeni mwa duka, ya kwamba mtu wa kaunta hakuwa na haja nao, ya kwamba mafundi hawakuzijua au hawakutaka kuzigusa, na ya kwamba waliingia dukani kutafuta spea wakatoka na mahubiri ya kununua Harley. Si maduka yote, maana wengine walisifu mafundi wao sana. Lakini malalamiko yalikuwa mengi na yalifanana. Tena kumbukeni pikipiki zote mbili zilikuwa za tajiri mmoja! Hata hivyo yule mtoto wa kambo alijulikana.

Tarehe 15 Oktoba 2009 Harley-Davidson ikatangaza ya kwamba inaacha kutengeneza Buell, ili nguvu zote ziwekwe katika jina la Harley. Kiwanda cha East Troy kikafungwa, na wafanya kazi karibu 180 wakapoteza kazi zao, baada ya kutengeneza pikipiki zaidi ya 130,000. Hatusemi kaunta peke yake ndiyo iliyokifunga kiwanda. Mwaka ule biashara ya Marekani yote ilikuwa imeanguka, na Harley zenyewe hazikuuzika kama zamani. Lakini mtu asituambie ya kwamba jina linaweza kuishi mahali ambapo mwuzaji wake mwenyewe halipendi. Hasara ya watu wa mauzo waliogeuza uso ilifika mpaka kwa mfanya kazi wa kiwandani, aliyekuwa akikaza boliti vizuri kila siku na hakumkosea mteja hata mmoja.

Hapa kwetu pikipiki nyingi hufika vipande vipande katika makasha, zikaungwa na mikono ya Wakenya. Wako vijana katika kazi hiyo ambao ni wanachama wa vyama kama hiki chetu. Jina likifa dukani, vijana hao ndio watakaorudi nyumbani kwanza.

Twataka pia kusema neno na waendeshaji, na halitapendeza. Ile dharau tunayoilalamikia dukani tumeipa mafunzo sisi wenyewe kwenye steji. Mtu akija na jina dogo twamcheka. Twaiita takataka, twamwambia abiria asipande hiyo, itamwacha njiani. Abiria akisikia, hapandi. Halafu tukifika dukani twataka karani awe na heshima kuliko sisi. Na yuko mmoja wetu aliyepiga kaunta kwa helmeti mpaka kioo kikapasuka. Tunayajua maumivu yake, lakini kioo kile alilipishwa karani wa zamu. Twamwomba ndugu huyo aelewe amemwadhibu nani.

Sasa juu ya haki zetu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji ili afaidike nazo, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na mali yake, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Haikusema mnunuzi wa jina kubwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani sana, nayo yasema ya kwamba mnunuzi akimweleza mwuzaji kazi anayokitakia kitu na akautegemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kifae kazi hiyo. Kisha iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012. Hiyo ina sehemu yake juu ya kutengeneza magari na vyombo vingine. Anayekutengenezea akupe makadirio ya gharama kabla ya kukudai, na akuulize kama wataka spea zako za zamani zilizovuliwa. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuulizwa hivyo? Tunaona vichwa vikitikiswa.

Malalamiko juu ya biashara ya udanganyifu hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na kwa madai ya fedha iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria yataka shauri liishe katika siku sitini. Lakini mahakama haili maneno, inakula karatasi. Waranti hufa mikononi mwetu kwa sababu hatukupiga muhuri kitabu cha sevisi, au oili tulibadilisha kando ya njia kwa mtu asiyetoa risiti. Wekeni risiti. Ukiiacha pikipiki dukani, usiondoke bila kipande cha karatasi chenye tarehe na sahihi. Wakikataa, wapelekee ujumbe kwa simu pale pale ukisema umeiacha leo, ina tatizo hili, na uuhifadhi.

Haya ndiyo tutakayoyapeleka kwa wenye maduka. La kwanza, na kwetu ndilo kubwa, ni malipo. Zawadi ya karani wa spea na malipo ya fundi yawe sawa kwa kila jina linalouzwa dukani, na kazi ya waranti ilipwe na duka mwisho wa juma, duka lenyewe likadaiane na aliyeleta pikipiki. Bila hilo mengine yote ni mapambo. Tena kukatwa mshahara kwa hesabu zisizochunguzwa kukome. Kisha tunataka kila jina liwe na akiba ya vile vitu vinavyokwisha upesi: brek shuu, cheni na sproketi, kebo, plagi, balbu, CDI. Pikipiki iliyo katika waranti ikikosa spea siku tatu, spea ivuliwe kwenye mpya iliyo dirishani. Mafundi wawili wafundishwe kila jina. Na watu wahudumiwe kwa nambari, kama benki, bila kutazama nje.

Mwenye duka mmoja amekwisha kukubali habari ya nambari, maana haimgharimu kitu. Juu ya malipo alisema atafikiri. Tumemwambia tutafikiri pamoja naye.

Wajumbe watakuwa sita, waendeshaji watatu, fundi mmoja na makarani wawili, na watakwenda pamoja. Mwendeshaji asiende peke yake kumshitaki karani kwa tajiri. Tumeona mara mbili karani akifukuzwa na spea zisipatikane vile vile. Wenye risiti, kadi za waranti na karatasi za mshahara zilizokatwa wazilete kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, atazipiga picha na kuwarudishia.

Yule kijana ambaye pikipiki yake ilichukuliwa uwanjani ameandika barua ya madai kwa duka, na chama kimemsaidia kuiandika. Wasipojibu katika siku kumi na nne atafungua shauri. Fundi aliyeipokea pikipiki siku ile ya kwanza amekubali kutoa ushahidi, ingawa bado anafanya kazi mle ndani, na kamati imeahidi kusimama naye akiguswa. Wanaoweza kufika kortini siku ya kutajwa kwa shauri waandike majina yao kwenye karatasi iliyo mezani kabla ya kutoka.